Msimu wa hoki hupotea kwenye karatasi ya kikosi

Timu ya Kisumu au Kakamega ikifungwa mabao manne Nairobi Jumapili jioni, lawama humwangukia kocha, kisha kipa, kisha refa. Ni nadra kusikia mtu akiuliza nani aliamua timu isafiri na wachezaji kumi na wawili, au nani alisema mwezi wa Januari kwamba kipa mmoja anatosha. Hayo ni maamuzi ya ofisi: ya mwenyekiti, katibu, mweka hazina na meneja wa timu. Kocha huyapokea yakiwa yameshapikwa.

Ukanda huu wa magharibi mwa Kenya haujawahi kukosa vipaji vya hoki. Kwa wavulana kuna Friends School Kamusinga, Musingu na St. Anthony's Kitale. Kwa wasichana kuna Nyamira Girls, Tigoi na St. Cecilia Misikhu. Yeyote aliyefuatilia michezo ya shule za upili anayajua majina hayo. Butali Sugar Warriors, iliyobeba jina la kiwanda cha sukari cha Kakamega, imewahi kutwaa ubingwa wa ligi kuu. Kwa hiyo swali la kama watu wa huku wanajua kucheza lilishajibiwa zamani. Linalobaki ni jinsi klabu inavyosajili, inavyogawa nafasi na inavyolinda kikosi chake kuanzia mechi ya kwanza hadi ya mwisho.

Anza na hesabu ya dakika, kwa sababu viongozi wengi hawaifanyi kabisa. Mechi ina robo nne za dakika 15, yaani dakika 60. Ukimwacha kipa, uwanjani kuna nafasi kumi, kwa hiyo una dakika 600 za kuwagawia wachezaji. Ukiwa na kikosi cha 16 chenye makipa wawili, wachezaji 14 wa uwanjani wanagawana dakika hizo na kila mmoja anapata takriban 43. Ukiwa na 18, makipa wakiwa bado wawili, wastani unashuka hadi 37 na nusu. Ukisafiri na 12, kipa mmoja na wengine 11, kila mtu anabeba karibu dakika 55. Mchezaji wa dakika 43 bado ana pumzi ya kurudi nyuma kukaba katika robo ya nne. Wa dakika 55 anatembea. Na timu za huku, kwa sababu ya umbali, mara nyingi hupangiwa mechi mbili katika wikendi moja, kwa hiyo uchovu wa Jumamosi unakuja kudaiwa Jumapili.

Hoki inaruhusu mchezaji kutoka na kuingia mara nyingi atakavyo, na refa hasimamishi mchezo kwa ajili hiyo. Marufuku iko sehemu moja: tangu kona fupi, yaani pigo la adhabu kwa kosa la mabeki karibu na lango lao, ipulizwe hadi imalizike, hakuna kubadilisha mtu, isipokuwa kipa wa timu inayojilinda akiumia au akiadhibiwa. Ndiyo maana timu yenye benchi fupi huumizwa zaidi kwenye kona fupi. Waliochoka wanakutwa ndani, na kocha hawezi kuwagusa.

Mgawanyo wa nafasi nao una hesabu yake. Kwa wachezaji 14 wa uwanjani, mpango unaofanya kazi ni mabeki watano kwa nafasi nne, viungo wanne kwa nafasi tatu, na washambuliaji watano kwa nafasi tatu. Kwa mpango huo beki anacheza wastani wa dakika 48, kiungo 45, mshambuliaji 36. Washambuliaji hupumzishwa zaidi kwa sababu wao ndio wanaokimbizana na mabeki wa upande wa pili mpira ukiwa mbali na lango, mbio fupi za kasi zisizo na mwisho. Mbadilishe kila baada ya dakika tano au sita, kabla hajaomba. Akishaomba mwenyewe, ujue umechelewa.

Ofisi huuharibu mpango huu kwa kusajili majina. Mfungaji bora wa mashindano ya shule anachukuliwa, na mwingine, na mwingine, mpaka klabu ina washambuliaji wanane na mabeki watatu wa kweli. Halafu msimu ukianza, mshambuliaji mmoja anarudishwa kucheza beki wa pembeni. Ana kasi, ana mikono mizuri, lakini hajui kukaba ndani ya duara, lile eneo la mbele ya lango lenye upana wa mita 14.63 kutoka langoni. Anaingiza gongo kutoka upande mbaya, anamgonga mtu kabla ya mpira, na kila kosa la namna hiyo ndani ya duara ni kona fupi. Timu inaweza kucheza vizuri kuliko wapinzani kwa nusu saa nzima na bado ikafungwa kwa kona fupi mbili alizosababisha mtu mmoja asiye beki. Ukitazama msimu mzima wa timu iliyoshuka daraja, mara nyingi utakuta ugonjwa huu.

Kadi ziingizwe kwenye hesabu hiyo hiyo. Kadi ya kijani inamtoa mchezaji kwa dakika mbili, ya manjano kwa dakika tano au zaidi, na wakati huo wote unacheza ukiwa pungufu. Timu yenye watu wa akiba wanne hupumzisha waliobaki mara tu adhabu inapokwisha. Yenye mmoja hukaa na madhara yake hadi filimbi ya mwisho.

Sasa nije kwenye usafiri, maana hapo ndipo kikosi huchaguliwa bila watu kujua kwamba kinachaguliwa. Kutoka Kisumu hadi Nairobi kupitia Kericho na Nakuru ni kama kilomita 350, saa sita au saba barabarani. Mweka hazina anaenda stejini, anauliza bei ya matatu ya abiria 14, anaona ni nafuu kuliko basi dogo la viti 33, anakodi. Weka kocha na meneja, zimebaki nafasi 12. Mfuko wa kipa una pedi za miguu, viatu vya kupigia, kinga ya kifua, kaptula yenye sponji, glavu na helmeti, nao hautoshi chini ya kiti. Unakula nafasi moja. Una wachezaji 11. Mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima anaambiwa Ijumaa jioni abaki, na anayeachwa huwa ni yule mdogo, ambaye ndiye kikosi cha mwaka ujao. Baada ya kuachwa mara mbili haji tena mazoezini, na hakuna mkutano uliokaa kuamua kumwondoa.

Kwa hiyo bajeti ianze na viti. Wachezaji 18, kocha na msaidizi wake, meneja, mtu wa huduma ya kwanza: ni watu 22. Zidisha gharama ya kuwasafirisha hao kwa idadi ya safari za mzunguko mzima, ongeza malazi ya usiku mmoja kwa kila safari yenye mechi mbili, kisha tazama kilichobaki. Hicho kilichobaki ndicho cha kumtafutia mchezaji mpya. Klabu nyingi hufanya kinyume: zinatumia pesa zote kumvuta nyota mmoja, halafu nyota huyo anasafiri na timu ya watu 11 na anacheza dakika zote 60 akiwa amechoka kama wenzake.

Kuhusu kuondoka usiku wa manane ili kukwepa gharama ya malazi: kama mechi ni saa nane mchana, mchezaji aliyekaa amekunja miguu tangu saa tisa usiku ataanza mechi na misuli iliyokaza. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo huvutika kwanza. Akivutika Jumamosi, humpati Jumapili, na pengine humpati kwa wiki tatu. Safari ya Ijumaa mchana inagharimu chakula cha usiku na vitanda. Ni gharama ndogo kuliko kumpoteza kiungo kwa mwezi.

Nakuru wana afueni hapo. Kilomita 160 hadi Nairobi ni safari ya asubuhi, na klabu ya huko inayolalamika kwamba haiwezi kupeleka watu 16 inafaa iangalie upya vitabu vyake.

Kipa wa pili ndiyo hoja ninayoipigania kuliko zote, na ndiyo viongozi huikata kwanza kwa sababu vifaa vya kipa ni ghali na kipa wa pili huonekana kama mtu anayekaa bure. Sheria za sasa ni kali: timu uwanjani ama ina kipa mwenye vifaa kamili, ama haina kipa kabisa. Hakuna tena ile njia ya katikati ya kumvisha mchezaji jezi ya rangi tofauti na helmeti akapewa haki za kipa. Njia hiyo iliondolewa mwaka 2019. Kwa maana hiyo kipa wako pekee akitegua kifundo cha mguu katika robo ya pili, una wachezaji 11 wa uwanjani na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuzuia mpira kwa mguu au mwili. Lango lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14. Kulilinda kwa gongo peke yake ni kuomba mvua ya mabao. Na kipa akipewa kadi, mwenye kipa wa akiba humtoa mchezaji mmoja wa uwanjani akamwingiza kipa huyo. Asiye naye anacheza na watu kumi, wote wakiwa wa uwanjani.

Hata wenye pesa wanajua jambo hili. Katika ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, kikosi cha msimu hakizidi wachezaji 23, na siku ya mechi huvaa 20: wachezaji 18 wa uwanjani na makipa wawili. Mchezo ule ni tofauti na wetu kwa karibu kila kitu, lakini lango ni lango. Tarehe 22 Februari 2020, Carolina Hurricanes walipoteza makipa wote wawili kwa majeraha katika mechi moja mjini Toronto. Ikabidi aingie David Ayres, kipa wa dharura mwenye umri wa miaka 42 ambaye kazi yake ilikuwa kwenye viwanja vya barafu vya huko. Alifungwa kwenye mashuti mawili ya kwanza, kisha akaokoa manane, na Carolina wakashinda 6-3. Watu hukumbuka tukio hilo kama muujiza. La kujifunza kwetu ni kwamba ligi ile ilikuwa imeshaandika sheria inayotaka kipa wa dharura awepo uwanjani kila mechi. Msimu wa 2022-23, Vegas Golden Knights walipata ushindi kupitia makipa watano tofauti. Mmoja wao, Jonathan Quick, waliletewa mwezi wa Machi. Katika mechi za mtoano kipa aliyeanza, Laurent Brossoit, aliumia, akaingia Adin Hill, na Hill ndiye aliyekuwa langoni walipotwaa kombe. Usimamizi ulikuwa umejiandaa kwa ajali kabla ya ajali.

Kwetu maandalizi hayo yanawezekana bila mamilioni. Mchague kijana mmoja aliyemaliza shule akiwa kipa, mpe vifaa vya zamani vya kipa mkuu mnaponunua vipya, na umpe mechi. Si dakika tano za mwisho mkiwa mnaongoza kwa manne, bali mechi nzima dhidi ya timu ya katikati ya jedwali. Kipa asiyecheza hajifunzi kuwaita mabeki wake, na kipa asiyeita ni hasara hata akiwa na mikono ya ajabu. Katika wikendi ya mechi mbili, mgawe: mkuu Jumamosi, wa pili Jumapili, au kinyume chake kulingana na mpinzani.

Kisha kona fupi upande wa kushambulia. Huu ni usajili wa watu watatu, na klabu nyingi husajili mmoja. Kuna mwenye kusukuma mpira kutoka mstari wa nyuma, angalau mita 10 kutoka nguzo ya lango, kuna wa kuutuliza juu ya duara, kuna mpigaji. Mpira lazima utoke nje ya duara kabla ya kupigwa. Pigo la kwanza la kugonga likivuka mstari wa lango juu ya milimita 460, yaani juu ya ubao wa nyuma, halihesabiwi, ila mpira wa kuburutwa na kurushwa, dragi-fliki, unaruhusiwa kwenda juu. Ndiyo maana kila klabu inamtafuta mrushaji huyo. Wanamleta, halafu mpira unamfikia ukirukaruka kwa sababu msukumaji ni yeyote aliyekuwa karibu, na mtulizaji alibadilishwa dakika moja kabla kona haijapulizwa. Kumbuka marufuku ya kubadilisha: mtulizaji akiwa benchi wakati kona inapulizwa, atabaki benchi. Meneja na kocha wanapaswa kuorodhesha angalau wawili kwa kila kazi kati ya hizo tatu, na kupanga zamu za kupumzika ili kila wakati awepo mmoja wa kila kazi uwanjani.

Uwanja nao una neno hapa. Viwanja vyetu vingi vya magharibi ni vya nyasi za kawaida, vyenye mabonde na vichuguu, ilhali mechi kubwa Nairobi huchezwa kwenye nyasi bandia. Kwenye nyasi ya kawaida dragi-fliki ni kamari, kwa hiyo timu huzoea kugonga. Kwenye nyasi bandia mpira unakuja kwa kasi, na beki aliyezoea kuusubiri upunguze mwendo anaukuta umeshampita. Uteuzi unaofanywa kwa kutazama mazoezi ya Kisumu peke yake humpendelea mwenye nguvu na kumwacha mwenye mguso wa kwanza mzuri. Tafuta sakafu laini ya saruji, hata uwanja wa mpira wa kikapu, mfanye mazoezi ya kupokea na kupasi huko mara moja kwa wiki, na uteuzi wa mechi za Nairobi utoke hapo. Viatu vya njumu navyo viachwe nyumbani siku hiyo.

Linalovunja vikosi katikati ya msimu ni kalenda. Wachezaji wetu wengi ni wanafunzi wa Maseno, Masinde Muliro, Egerton na vyuo vya ufundi. Wana mitihani, wana atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, inayoweza kuwapeleka Mombasa kwa miezi mitatu. Wanaomaliza shule wanafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, Novemba, matokeo yanatoka, na kufikia Agosti au Septemba wanaingia vyuo vikuu, pengine vya Nairobi. Kwa hiyo kijana unayemsajili Januari unaye kwa miezi saba au minane. Hilo si kosa lake. Kosa ni la katibu ambaye hakumuuliza. Kabla ya usajili, chukua karatasi, andika miezi juu na majina pembeni, na kila mchezaji aweke alama kwenye wiki ambazo hatapatikana. Ukiona mwezi wenye mabeki watatu tu, umepata mahali pa kusajili. Ni kazi ya jioni moja, na inafaa kuliko mkutano wowote wa kujadili jezi.

Wengine huondoka kwa sababu ya riziki, na hao hawapaswi kuitwa wasaliti. Timu za vikosi vya usalama zina kazi, vyuo vya Nairobi vina ufadhili wa masomo, na klabu ya Kisumu haina cha kushindana nacho. Chicago Blackhawks walikutana na jambo linalofanana nalo katika mazingira ya kitajiri. NHL imekuwa na kikomo cha jumla ya mishahara tangu 2005, na walipotwaa kombe mwaka 2010 hawakuweza kuwalipa wote. Dustin Byfuglien na Andrew Ladd walikwenda Atlanta, Kris Versteeg akaenda Toronto, na kipa Antti Niemi akaachwa aondoke. Msimu uliofuata waliponea chupuchupu kuingia hatua ya mtoano na wakatolewa mapema. Lakini walikuwa wamechagua wa kuwabakiza, kina Jonathan Toews, Patrick Kane na Duncan Keith, na kwa uti wa mgongo huo walitwaa kombe tena 2013 na 2015.

Klabu ya magharibi ifanye uchaguzi huo mapema. Taja watano: kipa, beki wa kati, kiungo wa kati, mpigaji wa kona fupi, na mmoja mwenye sauti mazoezini. Pesa kidogo na ahadi za kweli ziende kwao: nauli ya mazoezi, bima ya matibabu, barua ya kuwatafutia kazi kwa mdhamini wa mjini, kwenye kampuni ya sukari au shule inayohitaji mwalimu wa michezo. Waliobaki wacha wapite, na mwandikie kila anayeondoka barua ya kuachiliwa haraka na kwa heri. Klabu inayokatalia barua hujulikana, na wahitimu wa shule huikwepa mwaka unaofuata.

Dirisha la usajili la katikati ya msimu likikaribia, usingoje siku ya mwisho. Wiki tatu kabla, kocha aandike dakika alizocheza kila mtu, kona fupi zilizosababishwa na kila beki, na kona fupi zilizoingia kati ya zilizopatikana. Meneja alete orodha ya majeruhi na ile karatasi ya miezi. Wakae na mweka hazina wakiwa na bei ya basi mezani. Kama mabeki watatu wanabeba dakika za watano, nafasi ya usajili ni ya beki, hata kama yule mshambuliaji wa Kitale amepiga simu kila siku.